Ringi Sitini

Muuzaji wa Sohar hakutaka maneno mengi:
sitini, au basi.
Sitini, moja riyali kumi na nne.
Hamsini na tisa, moja ishirini na mbili,
na rangi atachagua yeye.

Nikachukua daftari la Mama, lile la upatu,
nikapita majina ya wanawake wa Mabela
(Bi Zuweina keshapokea, Bi Thuraya bado),
nikafungua ukurasa mweupe, nikaandika:
chuma, inchi kumi na sita, nati sita, nyeusi.
Gari moja ringi nne. Watu kumi na watano.

Muhenna alitangulia. Noti zake zilinuka grisi.
Yarub akalipa nusu, nusu akaiapia.
Ghasani akauliza, kwa nini chuma,
na wenzetu wanafunga aloi
zinazong'aa kama masinia ya harusi?
Nikamwambia: nenda Bidiya, mwezi wa nane,
punguza upepo wa matairi, panda mchanga,
ulikute jiwe lililojifukia.
Aloi itapasuka, na wewe utalala huko.
Chuma kitapinda,
na kilichopinda kina nyundo yake.
Akalipa. Akataka na ya tano, ya akiba.
Nne, nikasema. Sikati vitumbua hapa.

Wiki tatu nilikuwa mtu wa kupiga simu.
Dadkarim hapokei mchana, analala; yuko zamu ya usiku bandarini.
Talib anapokea, ananisimulia injini mpya mpaka chai inapoa,
kisha anasema, mwisho wa mwezi, wallahi.
Nilijifunza sauti za watu wenye pesa
na sauti za wasio nazo.
Zinafanana sana, ila wasio nazo huaga mapema.

Majina kumi na manne yakapigwa alama.
Lililobaki lilikuwa langu.

Na wiki ile ile goti la Mama likakataa ngazi.
Daktari akataja bei, akataja Bengaluru, tiketi mbili.
Asubuhi kijana wa Nizwa akaja na baba yake,
akalizunguka gari langu, akapiga bodi kwa kidole
kama mtu anayenunua tikiti maji,
akaondoka nalo.
Nilibaki na ufunguo wa akiba mfukoni,
nikamkimbilia kumpa, akashukuru.

Ringi nne, sina gari.
Nikijitoa, watu kumi na wanne wanalipa ishirini na mbili,
na Talib ataanza mwisho wa mwezi upya.
Nikatoa hamsini na sita.
Nikajipiga alama.

Zilikuja Ijumaa, juu ya lori, zimefungwa kamba ya katani.
Karakana ya Shaji ilijaa jeki na vicheko,
nati zikiita sakafuni.
Yako iko wapi? akauliza Muhenna.
Iko kwa fundi.
Shaji, ambaye ndiye fundi,
akainama kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

Mama alisoma daftari. Alikuwa anatafuta deni la Bi Thuraya.
Akaniita, mguu juu ya mto, bendeji mpaka pajani.
Mwanangu, ringi bila gari ni kidani bila shingo.
Nikanyamaza.
Akafunga daftari, akalipangusa kwa kiganja.
Lakini upatu hauvunjwi na mwenye daftari, akasema.
Hilo umelijua bila mimi kukufunza.

Sasa moja ina udongo, Mama kapanda rihani,
inachungulia kwenye matundu ya nati.
Ya pili paka kaigeuza nyumba.
Ya tatu yeye huwekea mguu, jioni, akihesabu hatua za kesho.
Yarub alileta nusu yake, miezi minne baadaye,
akaliona rihani, akaiona ringi,
akanywa kahawa vikombe vitatu bila kuuliza.

Ya nne imeegemea ukuta wa uani, haijachubuka.
Mtoto wa jirani alitaka kuikalia.
Hapana, Mama akamfukuza kwa bakora yake mpya.
Hiyo ya akiba.